Watoto Waliousoma Mstari Kutoka Juu

Mwalimu akistaafu anatarajiwa aseme mambo matatu: kwamba kazi ilikuwa wito, kwamba watoto wa zamani walikuwa na nidhamu, na kwamba anamshukuru Mungu. La tatu nalisema kwa moyo wote. La pili ni uongo. Hao watoto wa zamani niliwafundisha mimi, nawajua. La kwanza sina hakika nalo. Nilipelekwa kusomea ualimu wa hesabu chuo kikuu kwa sababu alama zangu za kemia hazikutosha kwa kile nilichokitaka. Nikawa mwalimu kama watu wengine wanavyokuwa wakwe: unaingia kwa sababu moja, unabaki kwa nyingine.

Sasa nimeacha kazi, mapema kuliko mume wangu alivyotaka, na niko nyumbani Rau na kuku wangu. Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kushika chaki, na nyinyi mlio bado kwenye madawati mkiambiwa kwamba hesabu ni kipaji. Sikuja kuwatia moyo. Watu wa kuwatia moyo mnao wengi, wengine wana vipaza sauti. Nimekuja kugombana na sheria moja ndogo sana, nayo ni hii: kwamba mstari wa grafu unasomwa kutoka kushoto kwenda kulia, basi, na anayeanza kwingine amekosea. Niliikataa nikiwa kazini na naikataa leo nikiwa na ndoo ya pumba mkononi.

Lakini kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana najua wengine mmeshaanza kutafuta mlango.

Mstari mnyoofu una siri mbili tu. Ukizijua, umeujua wote, hata ukienda mpaka Voi. Ya kwanza ni mteremko wake: kwa kila hatua moja ya kwenda upande, mstari unapanda au kushuka kiasi gani. Vitabu vinauita m. Ya pili ni mahali unapoukata mhimili wa y, ule uliosimama. Vitabu vinapaita c. Jirani yangu ana simtanki. Asubuhi halianzi likiwa tupu. Lina maji ya jana. Akifungua bomba la kujazia, maji yanaanza kupanda, kila dakika kiasi kilekile. Maji ya jana ndiyo c. Kasi ya kupanda ndiyo m. Wanafunzi wengi wanaipenda m kwa sababu ina shughuli, wanasahau maji ya jana. Halafu wanashangaa tanki limefurika kabla ya muda waliosema.

Kupata m si uchawi. Chukua nukta mbili zilizo juu ya mstari. Angalia umepanda au umeshuka kiasi gani kutoka moja kwenda nyingine, gawanya kwa kiasi ulichokwenda upande. Hapo tu. Na hapo ndipo watu wanapoanguka, kila mmoja kwa namna yake.

Nilikuwa na kijana mmoja mrefu kuliko mlango wa darasa. Alihesabu viboksi vya karatasi ya grafu kwa kidole, kwa uaminifu mkubwa, akaja mezani.

"Madamu, mteremko ni mbili. Viboksi viwili kwenda juu, kimoja kwenda upande."

"Kiboksi cha kwenda juu kinawakilisha ngapi?"

"Tano."

"Na cha upande?"

"Moja."

"Kwa hiyo mteremko?"

"Mbili, Madamu. Nimehesabu tena."

Nikamwuliza: "Nikikupa uchague, ndoo mbili za maziwa au vikombe viwili vya maziwa, utachukua nini?"

"Ndoo, Madamu."

"Kwa nini? Si vyote ni viwili?"

Alirudi kwenye dawati lake akiitazama ile karatasi kama mtu aliyeibiwa. Baada ya muda nikasikia sauti nzito kutoka nyuma: "Kumi!" Darasa zima likashangilia, pamoja na wale ambao hawakujua tunashangilia nini. Someni skeli, vijana. Viboksi havina akili. Akili iko pembeni, kwenye zile tarakimu ndogo.

Aliyenifundisha mimi kazi hii si chuo kikuu. Chuo kikuu kilinifundisha kuthibitisha kwamba mstari upo. Aliyenifundisha ni Mwalimu Elifuraha, mzee wa idara yetu pale Machame, aliyevaa sweta moja masika na kiangazi na kunywa chai yenye vumbi la chaki bila kulalamika. Hakuweza kuchora mstari ubaoni bila rula. Mistari yake ya mkono ilikuwa na kona kama barabara ya kwao. Lakini alikuwa na desturi moja niliyoichukua na sijairudisha. Hakusahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka amepita kwanza na penseli. Anasoma kazi ya mtoto kutoka mstari wa kwanza, polepole, kama anasindikiza mgeni, na pale mtoto alipoacha njia anaweka kinukta.

"Wewe unaweka kosa pale alipofika," aliniambia wiki yangu ya kwanza, akiitazama kazi yangu iliyojaa wekundu. "Pale alipofika hana shida. Angalia pale alipopotelea."

"Mwalimu, nina madaftari ya madarasa manne."

"Basi anza mapema," akasema, akapiga chafya ndani ya chai yake.

Nina hakika kuna mmoja wenu anayesoma haya huku akisema, Madamu, siku hizi tunayo simu. Najua. Mwalimu mmoja kijana alinitembelea mwezi uliopita akanionyesha: unaandika mlingano, mstari unajichora wenyewe, mweupe, mwembamba, umenyooka kama wa malaika. Nilifurahi kweli. Nikamwambia anichoree mwingine, na mwingine. Kisha nikamwuliza kama simu yake inaweza kuniambia mtoto wa kidato cha pili alipoutazama mstari ule aliweka kidole chake wapi kwanza. Akasema hapana. Nikamwambia basi hapo ndipo mshahara wake ulipo.

Sasa nije kwa Aikande.

Shule yetu ilikuwa ya binafsi, na sitaitaja. Ilikuwa na wanafunzi wa aina mbili. Kulikuwa na wa bweni, waliotoka Dar, Arusha, Moshi mjini, watoto wa tambarare kama mimi. Na kulikuwa na wa kutwa, wanaotoka kwenye vihamba vya kule juu yetu, katikati ya migomba na kahawa, wanaoteremka asubuhi kuja shule na kupanda jioni kurudi kwao. Aikande alikuwa wa kutwa, kidato cha pili. Mtoto mkimya, mwenye viatu vilivyoshonwa upya kila muhula, na mwandiko mzuri kuliko wangu, jambo ambalo halikuwa gumu.

Shule za binafsi zina kitu kinaitwa mchujo. Mnakijua. Unafanya mtihani, usipofikia wastani wa shule unarudia darasa au unatafuta shule nyingine, ili matokeo ya shule yabaki yanang'aa gazetini. Kwetu mitihani ya mchujo hakuisahihisha mwalimu wa somo, eti atawaonea huruma watoto wake. Ya hesabu aliisahihisha Mkuu wa Shule mwenyewe, kwani naye alikuwa mtu wa hesabu, tena mzuri. Nusu ya mtihani ule ilikuwa grafu. Aikande alianguka.

Siku iliyofuata mama yake alikuja. Alisimama nje ya ofisi ya walimu akiwa bado na kanga ya shambani.

"Shikamoo, Madamu."

Nilikuwa mdogo kwake. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Lakini wewe ni mwalimu." "Baba yake amesema hapa hapa au basi. Ada ya kurudia darasa halipi, na akitoka hapa hamtafutii pengine. Amesema ng'ombe wapo, majani hayajikati."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema amenizidi kusoma tangu darasa la tatu. Ndicho ninachosema. Usiku nikimwuliza umekosa nini, ananiambia, mama, sijui, mimi naona niko sawa."

Vijana, mtoto aliyekosa na anajua amekosa, huyo utamsaidia kesho. Mtoto aliyekosa na anaona yuko sawa, simama hapo hapo. Huyo ana kitu.

Nikaenda kuichukua karatasi yake, nikakaa na penseli ya Mwalimu Elifuraha, namaanisha ya aina yake, maana ya kwake hakumpa mtu. Kwanza niliona kwamba c alizipata zote. Kila mstari uliokata mhimili wa y, alisoma sawasawa mahali ulipokata. Kisha mistari inayoshuka kuelekea kulia, mteremko wake alikuwa ameupata, hasi mbili, hasi nusu, vizuri kabisa. Mistari inayopanda kuelekea kulia ndiyo aliyoikosa, na namba yenyewe ilikuwa sahihi: mbili ni mbili, tatu ni tatu. Ila mbele yake ameweka alama ya hasi. Kila mstari duniani, kwa Aikande, ulikuwa unashuka.

Nilikaa na ile karatasi mpaka chai ikapoa. Mimi mtoto wa Rau sikuelewa. Rau hakuna juu wala chini. Kuna huku na kule.

Kesho yake nilichora ubaoni mstari unaopanda, unaopita kwenye moja pale mhimili wa y ulipo, na kwenye saba pale x ilipo tatu. Nikamwita.

"Usiniambie jibu. Nionyeshe kwa kidole ulivyotembea."

Aikande akainua mkono akaweka kidole juu kabisa, kulia, kwenye ile saba.

"Mbona unaanzia hapo?"

Akanitazama kama nimemwuliza kwa nini anaanza kula kwa mdomo. "Si ndiyo juu, Madamu."

"Na kwa nini uanze juu?"

Nyuma kijana mmoja wa kutwa akacheka. "Madamu naye! Mtu anaanza safari kutoka nyumbani!"

"Nyumbani kwenu wewe!" akamjibu msichana wa bweni. "Kwetu Kinondoni tunaanza kushoto!"

"Kwenu kuna mlima?"

"Kuna foleni!"

Nikawaacha wacheke. Nikawaambia wote waweke kidole kwenye madaftari yao, pale wanapoanzia kuusoma mstari ule. Nikapita katikati ya madawati. Wa bweni, karibu wote, kidole kiko chini kushoto. Wa kutwa, karibu wote, kidole kiko juu kulia. Darasa langu lilikuwa limegawanyika pale barabara ya lami inapoishia, na hakuna kitabu kilichoniambia.

Nikarudi kwa Aikande. "Haya, tembea. Kutoka saba mpaka moja umefanya nini?"

"Nimeshuka sita."

"Kwa hiyo tunaandika?"

"Hasi sita, kwa kuwa nimeshuka."

"Vizuri. Na upande umekwenda ngapi?"

"Tatu."

"Tatu ya namna gani?"

"Tatu tu, Madamu." Akafikiri. "Kutembea ni kutembea. Hakuna mtu anayetembea hasi."

Hapo darasa zima, wa bweni na wa kutwa, likakubaliana naye. Na mimi nikaona kinukta cha penseli mahali pake. Kushuka walikuwa wanakujua kwa magoti yao. Kushuka kuna alama. Lakini kwenda upande, kwa mtu wa mlimani, ni kwenda kwa jirani tu. Hakuna jirani wa hasi.

Sikumwambia aanze kushoto. Ingekuwa rahisi, na sekunde ile ile angepata jibu. Nilimwuliza hivi: "Mhimili wa x unaongezeka kwenda wapi?"

"Kulia."

"Wewe umekwenda wapi?"

"Kushoto." Kidole chake kikasimama. Kisha akashika chaki mwenyewe, akaweka kimstari kidogo mbele ya ile tatu. Hasi sita kwa hasi tatu. Akaandika mbili, akaitazama, akageuka kuwatazama wenzake. "Kumbe unapanda," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuta mlango wa nyuma uko wazi siku zote.

Hiki ndicho kiini, na kishikeni. Anza upande wowote unaopenda, ilimradi uwe mkweli pande zote mbili. Nukta uliyoanza nayo kwa kupanda na kushuka, anza na hiyo hiyo kwa kwenda upande. Ukimaliza, chukua nukta moja uliyopewa, iingize kwenye mlingano wako, uone kama inakaa. Mlingano ambao hauzipokei nukta zako mwenyewe, ufukuze. Anayeanza kushoto na anayeanza kulia watakutana. Hii si huruma yangu. Hesabu yenyewe ndiyo inayosema.

Nikaenda ofisini kwa Mkuu.

Alikuwa mtu wa haki, niseme hivyo. Hakupendelea mtoto wa mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua karatasi ya Aikande, akaikagua upya yote mbele yangu.

"Madamu, naona unachosema. Lakini jibu ni chanya mbili, yeye ameandika hasi mbili. Nimpe alama ya nini?"

"Amefanya kosa moja, Mkuu. Wewe umelihesabu kila lilipotokea."

"Kosa moja likirudiwa ni makosa mengi."

"Mtu mwenye kiatu kinachobana hana kidonda cha kila hatua. Ana kiatu."

"Usiniletee methali."

"Si methali, nimeitunga sasa hivi."

Karibu acheke, akajizuia. "Wangeanza wote kushoto, tusingekuwa hapa. Kila kitabu kinaanza kushoto. Wewe unawaachaje?"

"Kwa sababu siku watakayopewa nukta mbili bila mchoro, hakuna kushoto. Kuna namba tu. Anayejua sheria ya kushoto atakwama. Anayejua anakokwenda hatakwama."

"Maneno, Madamu."

"Basi mpime. Wewe mwenyewe. Mstari wowote. Akikosa, aende, na mimi nitampelekea mama yake habari kwa miguu yangu."

Maneno haya yalitoka kabla sijayapima. Ndivyo nilivyo, nimeshawahi kununua ng'ombe kwa namna hiyo. Mkuu akavua miwani, akaisafisha, akavaa. "Leo, baada ya vipindi," akasema. "Darasani. Na usiseme neno."

Saa za jioni darasa lilikuwa tupu, ila madirisha yalijaa vichwa. Aikande alisimama karibu na meza, mikono nyuma. Nilikaa dawati la mwisho, magoti yangu yakigusa ubao wa dawati, nikajisikia mjinga kama siku ya kwanza ya shule.

Mkuu alichora kwa rula. Mhimili wa x aliuchora chini kabisa, ukingoni mwa ubao, pale panapowekwa chaki. Mhimili wa y akauchora pembeni kushoto. Kisha akaweka nukta mbili: moja pale x ni mbili na y ni moja, nyingine juu, pale x ni sita na y ni tisa. Akaziunganisha, akaishia kwenye nukta zenyewe. Mstari haukugusa mhimili wa y. Ulikatika hewani.

"Mteremko," akasema, "na mahali mstari huu unapoukata mhimili wa y."

Mistari yote niliyowapa wanafunzi wangu ilikuwa imekata mhimili ndani ya picha. Mstari unaokata nje ya picha ilikuwa mada ya wiki inayofuata. Sikuweza kusema, nilikuwa nimeambiwa nisiseme neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu tosha.

Aikande akaenda ubaoni. Akainua kidole akakiweka juu, kulia, kwenye tisa.

"Anza kushoto," Mkuu akasema.

Aikande hakugeuka. "Nitafika, Mkuu," akasema taratibu. Akaandika: kutoka tisa kwenda moja, hasi nane. Akasimama. Akaandika: kutoka sita kwenda mbili, hasi nne. Hasi nane kwa hasi nne. Mbili.

Dirishani mtu akapiga mluzi, akanyamazishwa na wenzake.

"Haya," Mkuu akasema. Sauti yake haikuwa mbaya. "Na ule mhimili? Mstari wangu haufiki huko."

Aikande akaitazama ile nukta ya chini. Akautazama mhimili wa y. Akarudi kwenye nukta. Nilikuwa nimeuma kidole changu bila kujua. Halafu akaanza kuongea, si na sisi, na mstari.

"Nikienda kulia hatua moja, napanda mbili. Kwa hiyo nikienda kushoto hatua moja, nashuka mbili." Akaweka chaki kwenye nukta. "Niko kwenye moja. Hatua moja kushoto, nashuka mbili." Chaki ikashuka, ikapita mhimili wa x, ikapita ukingo wa ubao, ikatoka. Akaweka kitone ukutani, chini ya ubao. "Hasi moja. Bado sijafika." Akapiga magoti kwenye sementi. "Hatua nyingine kushoto, nashuka mbili." Akaweka kitone kingine ukutani, chini zaidi, sawasawa na mhimili wa y kama ungeendelea. Akaandika pembeni yake, kwa ule mwandiko wake mzuri: hasi tatu.

"Umetoka nje ya grafu," Mkuu akasema.

"Mstari haujaisha, Mkuu," akasema Aikande, bado amepiga magoti. "Ubao ndio umeisha."

Hakusema kwa ujeuri. Nawaambia kwa kuwa watu wakiisikia habari hii wanadhani alijibu kwa ujeuri. Alikuwa anamweleza tu, kama unavyomweleza mgeni kwamba njia inaendelea nyuma ya migomba.

Kisha akasimama, akakung'uta magoti, akafanya jambo ambalo hakuulizwa. Akaandika ubaoni y ni mbili x toa tatu, akaingiza sita. "Sita mara mbili, kumi na mbili. Toa tatu, tisa." Akagusa nukta ya juu kwa kidole. "Inakaa."

Mkuu alikaza macho kwenye mlingano. Alikuwa anafanya hesabu ile ile kichwani, nilimwona midomo ikicheza. Akaenda mpaka ukutani, akainama, mikono magotini, akakitazama kile kitone cha mwisho. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyeonja chakula cha nyumba nyingine na akakiona kitamu.

"Kesho uje darasani na wenzako," akamwambia Aikande. "Darasa lako hili hili. Mwambie mama yako, na mwambie baba yako kwamba nimesema mimi."

Madirishani kulilipuka kelele. Aikande hakucheka wala hakulia. Alishika tu pindo la sketi yake kwa mikono yote miwili, akalikunja, akalikunjua.

Mimi nilishasimama, tayari kushukuru. Lakini Mkuu alikuwa Mkuu.

"Na wewe, Madamu. Kuanzia wiki ijayo, wote waanze kushoto. Tuwe na utaratibu mmoja."

"Hapana, Mkuu."

"Madamu."

"Umemwona alivyofika. Sitamrudisha mtoto akaanzie mahali ambapo hakai."

Akavuta pumzi. Nadhani alitafuta jambo ambalo angeweza kulishinda kabla ya kutoka. Macho yake yakashuka ukutani, kwenye vitone viwili na ile hasi tatu, nyeupe juu ya rangi ya kijivu ambayo shule ilikuwa imeipaka juzi tu.

"Angalau huo ukuta ufutwe," akasema.

Aikande akanyoosha mkono kuchukua dasta.

"Acha ibaki," nikamwambia.